Kitambaa Kimesinyaa

Nimeuza nyama tangu ujana wangu mpaka magoti yaliponikataa. Nimepasua vichwa, nimeosha matumbo, nimebeba mapaja begani damu ikinichuruzika mgongoni. Sikuwahi kuona kinyaa. Kinyaa nilikuja kukijua kwa midomo ya watu, na waliyekuwa wanamsema ni mwanangu.

Mwanangu ni fundi cherehani. Kibanda chake kipo kwenye mtaa wa mafundi, kati ya mchonga funguo na mtengeneza redio. Mlango ulikuwa mwembamba na yeye ni mnene. Alikuwa anaingia kwa ubavu, kwanza bega, halafu tumbo, halafu mguu wa mwisho. Kila asubuhi mchonga funguo alimuuliza, "Fundi, leo umeshinda wewe au umeshinda mlango?" Yeye alicheka. Mimi nikiwepo sikucheka, lakini nilimvumilia yule bwana, maana ndiye aliyekuwa akimfungulia dirisha na kumletea chai.

Mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi namwita Mama, kwa kuwa amerithi jina la mama yangu.

Ana namna yake ya kupima watu. Mafundi wengine wanakuzungushia utepe halafu wanataja namba kwa sauti, na foleni nzima inajua kiuno cha mke wa mtu. Mwanangu hataji. Anakuzungushia uzi, anaukata pale ulipokutana, anaufunga fundo. Fundo moja ni kiuno, mafundo mawili ni kifua, uzi usio na fundo ni urefu. Kila mteja ana kishada chake cha nyuzi kwenye msumari ukutani, na hakuna anayejua cha nani ni kipi isipokuwa yeye.

Mteja akirudi baada ya muda, nguo imembana, ameshakasirika kabla hata hajafika, mwanangu huishika ile nguo kwa vidole viwili akaikunjia uso kama samaki aliyeoza. Anasema, "Kitambaa kimesinyaa, mama. Vitambaa vya siku hizi vya kudanganya tu. Nipe, nikiongeze pembeni." Mteja anatoka kichwa juu. Sijawahi kusikia mtu ametoka pale ameambiwa amenenepa.

Yeye mwenyewe huambiwa kila siku.

Na neno hilo nalo lina vituko vyake. Mtoto akinenepa, wanasema amenawiri. Mwanaume akinenepa, mambo yake safi. Bibi arusi akinenepa, anatunzwa huko. Halafu kuna mstari mahali fulani, sijui nani kauchora, ukishauvuka tu maneno yanageuka. Unakuwa bonge. Unakuwa gunia. Umejiachia mwenyewe. Mwanangu alishangiliwa mpaka mstarini, na walewale waliomshangilia ndio waliomcheka alipouvuka.

Alianza kuumwa kabla ya kuanza shule. Alipauka midomo. Damu ya pua ikawa haikatiki. Akawa na mabaka kwenye miguu kama aliyepigwa, na hakuna aliyempiga. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Akilala analia kwamba mifupa inamuuma. Tukazunguka na dawa za homa mpaka tukafika hospitali kubwa, wakamtoboa nyonga kwa sindano nene, wakatuita ndani. Daktari akasema ni saratani ya damu.

Mke wangu aliinua mkono kama anataka kumziba yule daktari mdomo. Akamwambia, usilitaje mbele ya mtoto. Na tulipotoka nje akaniambia, usilitaje mbele yangu pia.

Kuanzia siku ile ugonjwa ule ukaitwa mgeni. Mgeni leo amelala. Mgeni leo ana hasira. Kesho tunampeleka mgeni akapewe dawa yake. Mke wangu aliamini kwamba ukimwita kwa jina lake atajua bado anakumbukwa, na anayejua anakumbukwa harudi kwao. Mimi sikuamini wala sikukataa. Nilikuwa nakata nyama, nauza, napeleka kinachotakiwa hospitali. Jina nilimwachia yeye.

Ikaleta kituko kimoja ambacho kimebaki kwetu mpaka leo. Mtu akipiga hodi, mke wangu akisema "tumepata mgeni," mtoto alikuwa anajificha chini ya kitanda akilia. Mara ya kwanza hatukuelewa. Tulipoelewa, tukaacha. Tangu hapo kwetu mtu akibisha mlango tunasema "kuna watu," hata akiwa mmoja, hata akiwa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Jirani mwenyewe alikuwa akigeuka nyuma kuangalia hao wengine ni kina nani.

Walimtibu kwa muda mrefu. Kuna dawa nyekundu waliyokuwa wanamtia mshipani, nyekundu kama maji ya kuoshea nyama, na akienda kukojoa inatoka hivyohivyo. Kuna mashine waliyomlaza chini yake ikammulika kichwa. Nywele zote zikatoka. Na kuna vidonge vyeupe vidogo, vichungu, vilivyomtia njaa ambayo sijapata kuiona kwa kiumbe. Anakula, anamaliza, analilia sahani. Uso ukamjaa, ukawa mviringo, macho yakazama kwenye mashavu.

Mke wangu alifurahi mpaka akalia. Kila asubuhi alikuwa anamshika mtoto kifundo cha mkono kwa kidole gumba na cha kati. Vidole vikikutana, siku hiyo nyumba ilikuwa kama kuna msiba. Visipokutana, anaimba. Na siku viliposhindwa kabisa kukutana aliita majirani waone.

Dada yake, ambaye mwanangu anamwita mama mdogo, ndiye aliyeshangilia kuliko wote. Alimminya mtoto mashavu, akamminya mapaja, akasema kwa sauti ya sokoni, sasa huyu ndiye mtoto, amenawiri, angalieni alivyojaa. Nami nilikuwa nimekaa palepale. Nilikuwa najua namna hiyo ya kuminya. Wateja wangu ndivyo walivyokuwa wakiminya paja lililoning'inia kabla hawajasema nikate wapi.

Akapona. Hilo niliseme wazi. Waliokuwa wodi moja naye, wengine hawakutoka. Yeye alitoka kwa miguu yake, ameshika kamba ya begi langu. Wakasema tuwe tunamrudisha kila mwaka aangaliwe. Tulimrudisha, halafu mke wangu akakataa. Akasema ukienda kwa mgeni kila mwaka, naye atakuja kwako. Zile karatasi za hospitali alizichoma nyuma ya jiko, akakoroga majivu kwa kijiti mpaka yakawa vumbi.

Vidonge viliisha, njaa ile ikapungua, lakini unene haukuondoka. Ulikaa kidogo kama unafikiri, halafu ukaanza kupanda. Shuleni wakamwita Bonge la Bucha. Watu wazima, wenye watoto wao, walikuja dukani kwangu wakasema, ah, na wewe baba yake unauza nyama, unategemea nini, huyu si anakula ng'ombe na kwato zake. Nikawafungia nyama yao nikawapa. Mwanangu alikuwa hali nyama. Tangu atoke hospitali alisema inanuka kama ile wodi. Mama yake alimwekea kwenye sahani, yeye akanipitishia chini ya meza, mimi nikala huku naangalia pembeni. Watu wa mtaa walikuwa wanamsema yeye kwa minofu iliyokuwa tumboni mwangu.

Alipomaliza shule akaenda kujifunza kushona. Akatoka fundi hasa. Nguo yake ukiigeuza ndani nje huoni tofauti.

Aliwahi kuchumbiwa. Muuza rangi mmoja, kijana mpole, alikuwa akileta suruali zisizohitaji kushonwa. Ikafika siku akaleta shangazi zake. Walikaa, wakanywa chai, wakamwangalia mwanangu alivyoinama kuweka vikombe, na mmoja akanigeukia akaniuliza, "Shemeji, huyu tukimchukua utatupa na mizani?" Wenzake wakacheka mpaka chai ikawatoka puani. Mke wangu aliinuka, akachukua birika, akamwaga chai yote iliyobaki kwenye maua ya uani. Hakuna aliyeongezewa.

Muuza rangi hakurudi kuposa. Alirudi mwaka uliofuata na kitambaa cha suti ya harusi yake na mwingine. Mwanangu akampima kwa nyuzi, akamshonea. Siku ya kuja kuichukua suruali haikupanda, maana yule kijana alikuwa ameanza kitambi cha furaha. Mwanangu akaishika kwa vidole viwili. Akamwambia, "Pole, kaka. Kitambaa kimesinyaa."

Mke wangu amekufa mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaanza. Alianguka jikoni, mwiko mkononi. Presha. Sina mengi ya kusema hapo. Kitanda kimekuwa kikubwa. Mwiko bado upo ulipokuwa.

Watu walikuja kulia, na waliokuja kulia walikula. Hilo nalijua, mwili hauachi kudai. Lakini niliwatazama siku zile kwa macho ambayo sikuwa nayo zamani. Niliona mafuta kwenye ndevu za mtu anayenipa pole. Niliona mama mdogo akichambua mfupa kwa meno, anaufyonza mpaka unalia, halafu anafuta vidole kwenye pazia la mke wangu. Pazia ambalo mwenyewe alilishona kwa mkono, kabla binti hajajua hata kutunga uzi.

Mwanangu alikuwa anabeba viti. Nilimwona amesimama katikati ya uwanja na viti viwili, mdomo wazi, anavuta hewa. Jasho linamtoka na jua limeshafunikwa. Mama mdogo akasema, akiwa na ule mfupa mkononi, na hakupunguza sauti, kwamba dada yake amekufa kwa kumbebea huyu masufuria. Wanawake wawili wakaitikia kwa pua. Mwanangu akaweka viti chini, akavipanga, akaenda kuchukua vingine.

Baada ya hapo mama mdogo akahamia kwetu, kutusaidia. Alitusaidia kwa kufunga kabati la chakula na kutembea na ufunguo kifuani. Kila mwanangu akipita anamtazama tumbo kwanza, uso baadaye. Akimsikia anapumua kwa nguvu anasema, si unaona sasa, mwili unakushinda. Nami nilikuwa nasikia kupumua kule, na halikuwa jambo la tumbo. Nilishasikia ng'ombe wanapumua hivyo, wale waliotembezwa mbali na moyo hauwataki tena. Miguu yake ilivimba, jioni akivua viatu unabaki mfereji. Akawa analala amekaa, ameegemea mito.

Tukaenda kliniki.

Mizani ipo kwenye korido, mbele ya mabenchi. Mpima uzito ni mwanamke mwenye kucha ndefu. Alimwangalia mwanangu anavyokuja, akamwita mwenzake aliyekuwa chumba cha pili, akamwambia lete ile mizani ya magunia. Benchi lote likacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alicheka mpaka mtoto akaamka. Mwanangu naye akatabasamu, kama anavyotabasamu kwa mchonga funguo, akavua viatu, akapanda. Na yule mwanamke akataja namba kwa sauti.

Mimi nimekaa na mizani maisha yangu. Nyama nilikuwa nikipima namgeuzia anayenunua, aone peke yake. Nyama, iliyokufa. Mate yalinijaa mdomoni nikatafuta pa kutema, nikayameza.

Daktari alikuwa msichana, umri kama wa mwanangu, macho mekundu kwa kuchoka. Huyu sikumwonea kinyaa. Alimsikiliza kifua, akamminya miguu, akamuuliza maswali vizuri. Unakula nini, unalala vipi, kwenu nani ana presha. Halafu akauliza, "Utotoni uliwahi kuugua ugonjwa mkubwa? Uliwahi kulazwa muda mrefu?"

Mwanangu akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Nilimwona mke wangu ameinua ule mkono.

"Hapana," mwanangu akasema. "Homa za kawaida tu."

Daktari akaandika. Akamwambia apunguze chakula, atembee, arudi baada ya muda. Akampa karatasi yenye picha ya sahani iliyogawanywa, majani upande mmoja, nyama upande wa pili. Mwanangu akaikunja vizuri akaiweka kifuani. Daktari aliuliza, akajibiwa. Afanye nini tena?

Basi mwanangu akaanza kujinyima. Kitu alichokula asubuhi kingeweza kukaa kwenye kiganja cha mtoto. Akaacha kupanda gari, akawa anakwenda kazini kwa miguu, anasimama kila ukuta. Na alivyozidi kujinyima ndivyo alivyozidi kuvimba. Tumbo likawa gumu kama ngoma. Mama mdogo akapata la kusema: anaiba. Akaweka unga kidogo mbele ya kabati usiku ili asubuhi aone nyayo. Asubuhi akakuta nyayo, akaita mpaka jirani. Zilikuwa zangu. Nilikuwa nimeenda kunywa maji. Hata hakuona haya. Alifagia ule unga akaurudisha kwenye kopo.

Siku aliyoanguka nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea chai, nimekaa kwenye kigoda mlangoni. Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. Nikageuka nikamwona amelaza shavu kwenye kitambaa, midomo ya bluu, macho yananitazama. Akasema, "Baba, hewa."

Mchonga funguo na mtengeneza redio wakaingia. Wakamshika, wakambeba mpaka mlangoni, na mlangoni wakakwama. Amesimama mwenyewe aliweza kupita kwa ubavu. Amelegea hakupitika. Wakamgeuza huku, wakamgeuza kule. Watu wakajaa. Simu zikainuliwa. Nikasikia kabisa mtu anasema, toeni kwanza tumbo. Mwingine akasema, pakeni mafuta. Na kicheko, kile cha puani, kikapita kwenye lile kundi.

Nilitapika. Pale pale, kwenye mfereji. Nimekata vichwa vya wanyama miaka na miaka, nikatapika kwa sababu ya watu waliovaa nguo safi. Baadhi ya nguo hizo alizishona yeye.

Mchonga funguo hakucheka. Alimwacha taratibu chini, akakimbilia kwake akarudi na mtaimbo, akaupiga mwimo wa mlango. Akapiga na huku analia, analia kama mtoto, kamasi zinamtoka. Akaung'oa mwimo wote na matofali yake. Akavuta kitambaa cha mteja kutoka mezani, kizima, hakijakatwa, akamfunika mwanangu kuanzia kichwani ili simu zisimpate. Wakamtoa.

Hospitali tulimkuta yule yule daktari. Wakampa hewa ya mtungi, wakamchoma sindano. Nikakaa pembeni ya kitanda. Mama mdogo akafika akitweta, na kabla hajamsalimia mgonjwa akamwambia daktari, "Huyu, daktari, anakula kwa siri. Nyumba nzima tunamchunga. Mwambie ukweli, labda wewe atakusikia."

Daktari akainua kalamu aandike. Nilimwona anaanza kuandika.

Nikasema, "Alikuwa na saratani ya damu."

Mama mdogo akanishika mkono. "Shemeji. Usimtaje."

"Nimtaje nani?"

"Mgeni."

"Sio mgeni," nikasema. "Saratani ya damu. Akiwa mdogo. Walimtibu akapona."

Sauti yangu ilitoka nene, kama ya mtu anayebishana sokoni. Jina lile sikuwahi kulipitisha kwenye ulimi wangu. Lilikuwa jina tu. Taa haikuzimika. Nilitazama mlangoni, sijui nilitegemea kumwona nani.

Daktari akavuta kiti akakaa. Akaniuliza alipewa dawa gani. Nikamwambia majina siyajui, ila kulikuwa na nyekundu ya mshipani, hata mkojo ulikuwa mwekundu. Akauliza kama walimchoma mionzi, na wapi. Nikagusa kichwa changu. Akauliza karatasi ziko wapi. Nikamwambia mke wangu alizichoma. Akafumba macho kidogo, akafumbua.

"Mzee, mbona hamkuniambia siku ile?"

 Mwanangu akajibu yeye, kutoka kitandani, kwa pumzi fupi fupi. "Nyumbani hatulitaji."

Wakampiga picha ya moyo. Daktari akatueleza kwa maneno ya kawaida. Ile dawa nyekundu ndiyo iliyomwokoa, lakini kuna wakati inauacha moyo dhaifu, na udhaifu unaweza kungoja miaka mingi ndipo ujitokeze. Moyo wake umechoka, hausukumi vizuri. Uvimbe wa siku hizi ni maji. Ule unene wa tangu utotoni ni jambo lingine: mionzi ya kichwa na vile vidonge vinaweza kuvuruga namna mwili unavyopokea chakula na kukiweka, na watoto wengi waliopona ugonjwa ule huwa wanene ukubwani. Kula kwa mpangilio kunasaidia, akasema, na kutembea kutasaidia, lakini baada ya moyo kutulizwa, na kwa kupimiwa. Halafu akamgeukia mama mdogo. "Na sio kwa sababu anaiba chakula."

Mama mdogo akasema yeye alikuwa anamjali tu. Kwenye kona ya mdomo alikuwa na punje ya wali. Ilipanda na kushuka alipokuwa anasema.

Nikatoka naye kwenye korido. Nikamwambia, "Ufunguo."

"Ufunguo gani, shemeji?"

"Wa kabati. Halafu kachukue vitu vyako."

Akaanza hadithi ya marehemu dada yake, jinsi angejisikia. Nikanyoosha kiganja. Akautoa kifuani, ukiwa na joto na jasho. Niliufuta kwenye shati kabla ya kuutia mfukoni.

Niliporudi, mwanangu alikuwa macho. Nikakaa. Sisi hatuna mazoea ya kuongea. Halafu nikamuuliza kama alikuwa analijua lile jina.

"Tangu shule," akasema. "Kulikuwa na picha kwenye kitabu cha sayansi. Mtoto hana nywele."

"Na hukusema."

"Ningesema wapi? Mama angekufa." Akapumua kidogo. "Siku ile kwa daktari nilitaka kusema. Lakini udongo wake ulikuwa haujakauka, Baba. Nikaona nitakuwa nimemwasi hata wiki hazijapita. Nikakuangalia wewe."

"Nikaangalia sakafu."

"Ilikuwa sakafu nzuri," akasema. "Ilikuwa imepigwa deki."

Ndivyo alivyo. Nikamshika kifundo cha mkono, sijui kwa nini, kidole gumba na cha kati. Vidole havikukutana. Vilizama kwenye maji yale, vikaacha alama, nikangoja mpaka alama ikajaa.

Sasa yuko nyumbani. Anakunywa vidonge asubuhi na jioni, na atavinywa maisha yake yote. Maji yametoka. Anapumua bila kusikika. Anatembea mpaka kwenye nguzo ya pili ya umeme na kurudi, kama alivyoambiwa. Bado ni mnene, na daktari amesema huenda akabaki mnene, kazi yetu ni moyo. Cherehani tumeihamishia sebuleni mpaka apate nguvu. Mchonga funguo amejenga mwimo mpya wa kibanda, mpana, gari linaweza kupita. Anakuja kumtania huku huku kwamba sasa mlango umekubali kushindwa. Siku hizi nacheka kidogo.

Juzi ilikuwa mchana, mwanangu anashona, mimi nachambua mchele. Hodi ikapigwa. Nikachungulia dirishani nikamwona mama mdogo, na kikapu, ameshaanza kulia kabla ya mlango. Nikageuka ndani nikamwambia mwanangu, "Mama, una mgeni."

Cherehani ikanyamaza. Neno hilo lilikuwa halijatumika kwetu kwa kazi yake tangu akiwa mtoto wa kujificha chini ya kitanda. Akanitazama kuhakikisha nimekusudia. Halafu akacheka, akacheka mpaka nikahofia ule moyo, nikamwambia taratibu, akashindwa.

Mama mdogo akaingia anauliza kuna nini.  Akakaa kwenye kiti cha dada yake, akajimiminia chai, akachovya mkate, akaanza kusema na mkate mdomoni. Akamtazama mwanangu juu mpaka chini. Gauni lilikuwa linamning'inia mabegani, kwa yale maji yaliyotoka.

"Jamani, mwanangu, mbona umekonda hivyo? Umeisha. Unaumwa?"

Mwanangu akaishika nguo yake kwa vidole viwili, akaikunjia uso.

"Kitambaa kimetanuka, mama mdogo."

Hakuelewa. Alitafuna, akameza, akatazama huku na huku pa kufutia vidole. Pazia nilikuwa nimeshalishusha siku nyingi, limo kwenye kabati, limefuliwa. Akajifuta kwenye magoti yake mwenyewe, akauliza kama sukari imebaki.